Rafu Moja ya Historia kwa Misikhu: Barua ya Wazi kwa Bunge la Kaunti ya Bungoma

Kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Bunge la Kaunti ya Bungoma.

Nakala: Waheshimiwa Wawakilishi Wadi wa Trans Nzoia, Kitale.

KUH: VITABU VYA SIASA, HISTORIA NA JAMII KWA WASOMAJI WA MISIKHU



Nawaandikia kutoka Misikhu, pale barabara ya Webuye–Kitale inapoagana na ile ya kwenda Naitiri. Barua nyingi zinazotoka huku huomba lami, maji, taa za sokoni na basari. Hii inaomba vitabu. Na kabla karani hajaitia kwenye faili la vitabu vya kiada, niseme bayana: naomba vitabu vya siasa, historia, jamii na mambo ya ulimwengu, vya kusomwa na mkulima wa miwa, mwendeshaji wa bodaboda, mama mboga, mwalimu mstaafu, na kijana aliyemaliza kidato cha nne akakosa karo ya kuendelea.

Jambo hili ni lenu kwa mujibu wa sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, katika sehemu ya pili, linaorodhesha majukumu ya kaunti. Humo maktaba zimetajwa katika kifungu kimoja na makumbusho, sinema, kamari na leseni za pombe. Sijasikia kaunti iliyosahau leseni za pombe. Maktaba, zilizo mistari michache tu chini yake, ndizo zinazohitaji kukumbushwa kwa barua.

Tawi la Huduma ya Maktaba ya Kitaifa katika kaunti yetu liko Kimilili. Ni jambo jema kuwa lipo. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma, nanyi mnakaa bungeni kwa niaba ya wadi 45. Kwa mtu wa Misikhu, safari ya Kimilili ni matatu hadi Kamukuywa, kisha kutafuta chombo kingine, halafu kurudi vivyo hivyo. Nauli hiyo mtu huitoa akiwa na mgonjwa au akiwa na kesi. Kwa ajili ya kitabu cha historia haitoi, na hatuwezi kumlaumu.

Msidhani kwamba sisi ni wageni wa kitabu. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianzishwa Webuye mwaka 1969 kwa ubia wa serikali, Shirika la Fedha la Kimataifa na kundi la Birla la India, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 karatasi ilikuwa ikitoka kando ya mto Nzoia kwenda nchi nzima. Misitu ilikatwa kwa ajili yake. Mabati ya Webuye yaliliwa na kutu kwa moshi wake. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya viliandikia karatasi ya huku kwetu hadi kiwanda kikafungwa mwanzoni mwa 2009, kisha kikauzwa mwaka 2016. Kwa zaidi ya miaka thelathini jirani zake walivumilia harufu ya karatasi. Karatasi hiyo ilipowarudia, iliwarudia kama daftari na kitabu cha mtihani. Kurudi kama kitabu cha kumfanya mtu mzima akae chini afikiri ilikuwa bahati nasibu.

La ajabu zaidi ni kwamba vitabu vinavyotuhusu sisi wenyewe ni vingi. Mjerumani Günter Wagner alikuja huku miaka ya 1930 kuchunguza jamii za Waluhya, na juzuu ya kwanza ya kazi yake ikachapishwa mwaka 1949. Mwaka 1967 Profesa Gideon Were alitoa historia ya Abaluhya iliyokusanywa kutoka vinywani mwa wazee. Mwaka 1977 pekee vilitoka viwili: cha Mholanzi Jan de Wolf kuhusu mabadiliko katika jamii za magharibi mwa Kenya, Wabukusu wakiwa kiini chake, na cha Audrey Wipper kuhusu waasi wa mashambani, Dini ya Msambwa ikiwemo. Mwaka uliofuata F. E. Makila alichapisha historia ya Wabukusu. Mwaka 1997 Profesa Vincent Simiyu akatupa wasifu wa Elijah Masinde. Mwaka 2016 Julie MacArthur alichapisha Marekani kitabu kinachoeleza jinsi ramani na mipaka vilivyotumiwa kuwafanya watu wa huku wajione jamii moja.

Hesabuni wenyewe. Tumeandikwa na Mjerumani, Mholanzi, wanazuoni wa Amerika Kaskazini, na wana wetu waliosoma. Hata hivyo, mtu anaweza kuzaliwa Misikhu, akalima, akaoa, akazeeka na kuzikwa bila kushika hata kimoja kati ya vitabu hivyo. Vimo katika maktaba za vyuo vikuu, ambako mlangoni huulizwa kitambulisho cha chuo. Na vyote nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza cha wasomi, ambacho humchosha hata mwenye cheti.

Riwaya ya Kiswahili imefika mbali kuliko historia. Ken Walibora, aliyekulia pande hizi zetu za Bungoma na Trans Nzoia, alimtoa mhusika wake mkuu wa Siku Njema kutoka Tanga hadi Kitale, na kitabu hicho cha 1996 kikasomwa na maelfu ya vijana waliojifunza jina la Kitale kutokana nacho. Katika Kufa Kuzikana aliishika chuki ya kikabila waziwazi. Alifariki Aprili 2020. Kama mwandishi mmoja wa riwaya aliweza kutufikishia mambo mazito kwa Kiswahili kinachosomeka, basi tatizo la historia si kwamba watu wetu hawana lugha ya kuisomea.

Wala si kwamba hawaithamini. Kabla ya shule ya kwanza kujengwa, Wabukusu walikuwa na mwanahistoria wao: omuswala kumuse. Mzee wa heshima akishazikwa, yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu na bakora yake, akatembea huku na huku akisimulia chimbuko la koo, njia walizopita mababu, vita na mapatano, kisha akawaonya walio hai. Hakuwa mtu yeyote tu aliyejipendekeza kwa wafiwa. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe, na watu walikaa kimya kumsikiliza. Hata marika ya tohara, kutoka Kolongolo na Kikwameti hadi Chuma na Sawa, ni kalenda inayotuwezesha kusema jambo fulani lilitokea wakati wa kina nani. Watu wenye utaratibu kama huo hawahitaji kufundishwa kwamba historia ina maana.

Siku hizi kipaza sauti cha matangani kimebadilisha mikono. Nanyi waheshimiwa mnajua kimekwenda kwa nani, kwa kuwa mara nyingi ni ninyi mnaokishika. Sisemi kwa kejeli. Kiongozi kuja kulia na watu wake ni utu. Lakini omuswala kumuse hakuwa akiomba kura. Mkulima wa mahindi wa hapa anajua hasara ya kupimiwa kwa gorogoro la mnunuzi: halijai upesi. Historia inayosimuliwa na mwenye kutafuta kiti ni gorogoro la namna hiyo, na dawa yake ni msikilizaji kuwa na kipimo chake mwenyewe nyumbani.

Chukueni suala la Kitale. Kila msimu wa kura mtu hupanda juu ya gari akatueleza Kitale ilikuwa ya nani na nani aliinyakua. Yaliyoandikwa ni marefu kuliko hotuba hiyo. Ardhi ya Trans Nzoia ilitengewa walowezi wa Kizungu, na Waafrika wa jamii mbalimbali wakaishi humo kama vibarua na maskwota. Uhuru ulipokaribia, Tume ya Mipaka ya Majimbo ya mwaka 1962 ilipokea madai yaliyopingana. Masinde Muliro na Daniel arap Moi walikuwa chama kimoja, KADU, lakini kila mmoja alilitaka eneo hilo liwe upande wake. Likaishia Bonde la Ufa. Wakati huohuo mpango wa Ekari Milioni ukaanza kuyagawa mashamba ya walowezi, na upande wa Naitiri na Tongaren, ambako barabara yetu inaelekea, ni matunda ya ugawaji wa enzi hiyo.

Anayeyasoma hayo anaweza kubaki na upande wake. Lakini atajua kwamba jirani yake naye alikuwa na madai, na kwamba mpaka haukuchorwa na yeyote kati yao. Mtu wa namna hiyo ni mgumu kumpa panga. Hapa si pa kudhani tunacheza: mwaka 1992 nyumba zilichomwa Trans Nzoia na pande za Mlima Elgon, na familia zilizokimbia zilipokelewa katika vituo kama hiki chetu. Kati ya 2006 na 2008 ukaja msiba wa kundi la wapiganaji la SLDF huko mlimani, chanzo kikiwa ugawaji wa mashamba, kisha ikaja operesheni ya jeshi nayo ikaacha vilio vyake. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika kuhusu Mlima Elgon katika ripoti iliyokabidhiwa Rais Mei 2013. Ripoti hiyo ni ya umma na ililipiwa na umma. Ni wangapi kati ya waathiriwa wameiona hata kurasa zake kumi?

Au mchukueni Elijah Masinde. Kwa wengine ni nabii, kwa wengine shujaa wa uhuru, kwa wengine mtu aliyerukwa na akili. Aliwahi kuichezea timu ya Kenya kandanda kabla ya kuigeukia serikali ya mkoloni. Mkoloni alimfungia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari miaka ya 1940. Mnamo Februari 10, 1948, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini aliyoiongoza, huko Malakisi, wakaua watu 11, na mwaka huohuo Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Wanasiasa hulipenda sana fungu hilo la kisa. Fungu lisilosimuliwa majukwaani ni kwamba serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1968, na Masinde akaonja jela ya bendera mpya kama alivyoonja ya ile ya zamani, kabla hajafariki 1987. Anayesoma yote mawili huanza kuuliza: ni nini hasa ambacho serikali mbili tofauti zilikiogopa kwa mtu mmoja kutoka Maeni? Swali hilo lina faida kwa raia kuliko sanamu kumi za shujaa.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza litakuwa kwamba kila kitu kiko kwenye simu. Kwenye simu kuna vipande vya video vya dakika moja, na wakati wa kampeni vingi vyake ni uongo uliopangwa. Kitabu cha Makila hakimo humo kwa mkulima wa Misikhu, na bando la kutafuta ripoti yenye mamia ya kurasa si la mwenye kuishi kwa kibarua.

La pili, kwamba watu wetu hawasomi. Tazameni gazeti moja likifika kwenye kinyozi linavyopita mikononi mwa watu hadi lichanike. Watu husoma kinachowafikia. Vitabu haviwafikii kwa sababu zinazojulikana. Sheria ya VAT ya 2013 iliviwekea kodi ya asilimia 16. Tangu 2018 serikali inapeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Ni hatua iliyomfaa mtoto wa maskini, lakini iliyanyima maduka ya miji midogo mauzo yaliyokuwa yakiyaweka hai, na duka lisilouza cha kiada halithubutu kuagiza cha historia. Nayo shule, kwa miaka mingi, imeacha Historia na Serikali iwe somo la kuchagua kuanzia kidato cha tatu, hivyo vijana wengi hupokea kitambulisho na kadi ya kura bila kulisoma tena.

La tatu litakuwa pesa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu siombi jengo. Jengo ndiyo sehemu ya maktaba inayompendeza mwanakandarasi, na tunajua majengo ya umma yaliyokamilika kuta yakakosa kazi. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kubeba vitabu juu ya ngamia kuwapelekea wafugaji wa Garissa. Haikungoja ukumbi. Jijini Nairobi, maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931 kwa Wazungu peke yao, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, imekuwa ikifufuliwa kwa ushirikiano wa kaunti na shirika la Book Bunk lililoanzishwa na wanawake wawili wapenda vitabu. Jirani zetu Watanzania walisambaza maktaba za vijijini wakati wa kampeni za elimu ya watu wazima miaka ya 1970, na funzo walilotuachia ni chungu: rafu isiyoongezewa vitabu vipya, wala kuwa na mtu wa kuisimamia, hugeuka stoo.

Na kwenu waheshimiwa wa Trans Nzoia, mnaopata nakala ya barua hii: Kitale ina makumbusho kwa sababu mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, alianza kukusanya vipepeo, ndege, vifaa na vitabu akavifanya makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na alipofariki akaacha wosia uliowezesha jengo la sasa lililofunguliwa miaka ya 1970. Kama mtu mmoja aliweza kuacha kitu kinachotembelewa hadi leo, kaunti mbili zenye bajeti haziwezi kusema kazi ni kubwa. Wasomaji wa Kiminini na wa Misikhu wanasafiri katika matatu moja. Vitabu navyo vinaweza kuvuka mpaka huo bila pasipoti.

Basi tunachokiomba ni hiki. Kwanza, chumba kimoja Misikhu, katika jengo lolote la umma lililopo, chenye taa, viti na kufuli imara, kikifunguliwa jioni na siku za soko, kwa kuwa mchana mtu mzima yuko kazini. Pili, mkutubi mwenye mshahara, hata kama ni mmoja kwa wadi tatu, akizunguka na sanduku la vitabu kwa pikipiki. Tatu, orodha ya vitabu isiachiwe mwenye zabuni. Iandaliwe na wasomaji wenyewe pamoja na walimu, na iwe na vitabu vinavyopingana: tawasifu za wanasiasa ziwepo, na vya wanaowakosoa viwepo kando yake, vya Kenya, vya Uganda na Kongo zilizo karibu nasi, na vya nchi za mbali ambazo vita vyao hupandisha bei ya mbolea na mafuta hapa kwetu.

Nne, rafu hiyo ibebe pia maandishi yenu. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023–2027, makadirio ya bajeti, kumbukumbu za mijadala ya bunge na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni vitabu vya siasa kuliko vitabu vyote. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinatupa haki ya kuvisoma. Tunaitwa kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti tukiwa hatujaiona, tunapewa soda, tunatia sahihi, tunarudi nyumbani. Mpeni mwananchi wiki mbili na nakala hiyo mezani, muone maswali yatakavyobadilika.

Tano, kaunti itenge fungu dogo la kutafsiri na kufupisha kwa Kiswahili maandishi ya msingi kuhusu sehemu hii: ripoti ya ukweli na maridhiano inapohusu Mlima Elgon, na, kwa idhini ya wenye haki, vitabu kama cha Makila na cha Simiyu. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko ndani ya kaunti hii na kina walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Kazi ipo, mafundi wapo. Kinachokosekana ni agizo.

Huenda mmoja wenu anajiuliza, kimoyomoyo, faida yake mwenyewe ni ipi. Msomaji wa historia ni mpiga kura msumbufu, sitaficha. Hutaweza kumwambia kwamba wewe ndiye wa kwanza kupigania ardhi yake, kwa kuwa atakutajia waliotangulia. Lakini msomaji huyohuyo ndiye atakayejua tofauti ya kazi ya mwakilishi wadi na kazi ya mbunge, aache kukudai daraja ambalo si lako, na akutetee barabarani mtu anapokuzulia. Kiongozi mwenye kazi ya kuonyesha hana cha kupoteza kwa mtu anayesoma.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, nasi tumezishika. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwafikia kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katika kila moja ya hati hizo tutatafuta neno maktaba, na jina la Misikhu karibu nalo. Mkiona halifai kuwekwa, tunaomba kitu kimoja tu: sababu za kulikataa zitamkwe bungeni kwa sauti, ziingie kwenye kumbukumbu za mijadala pamoja na majina ya waliozitoa. Hizo nazo ni historia ya siasa, na rafu itakapopatikana tutaziweka mahali pa kuonekana.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Msomaji na mlipa kodi,
Misikhu.